Gari la porini linachemsha: uanze na kipimo kipi kati ya hivi vitano?

Kushuka bonde la Ngorongoro asubuhi hakuisumbui injini. Njia ya Seneto inateremka, gia inalishikilia gari, mshale wa joto umetulia katikati. Kazi huja mchana, wakati wa kupanda kurudi ukingoni kwa njia ya Lerai: abiria saba, gia nzito, mwendo wa mtu anayewahi basi, jua la utosini. Hapo ndipo Land Cruiser niliyokuwa nikiendesha ilipoanza kuchemsha, msimu mmoja wa kiangazi.

Gereji niliyoipeleka ilisema ni pampu ya maji. Tukabadilisha, ikachemsha. Wakasema ni rejeta. Ikashushwa, ikazibuliwa, ikarudishwa, ikachemsha. Mwisho wakang'oa thamostati, vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenda kwenye rejeta, wakaitupa, wakanihakikishia kwamba magari ya huku kwetu hayaihitaji. Ikachemsha vilevile. Kosa lilikuwa klachi ya feni, kiungo kinachoifanya injini izungushe feni, iliyokuwa imeishiwa mafuta yake mazito ya silikoni. Katika wiki zote hizo hakuna aliyeniuliza swali moja tu: linachemsha ukiwa wapi? Maana kwenye lami ya kutoka Makuyuni, kwa mwendo wa 80, mshale haukuwahi kusogea. Jibu lilikuwa limekaa hapo muda wote. Gari likikimbia linapata upepo wa barabara. Likitambaa linategemea feni, na feni ilikuwa inazunguka kivivu bila kuvuta upepo.

Naandika kwa mtu aliyekwama pale nilipokwama: gari linachemsha, pesa ni ya kuhesabu, na mbele yake kuna njia kadhaa za kutafuta kosa. Njia ninazozilinganisha ni tano: macho na mikono, kipima joto cha kuelekeza, pampu ya presha, dawa ya bluu ya kutafuta gesi, na kompyuta. Zote ni nzuri. Hakuna hata moja inayoona kila kitu.

Kabla ya kupima: liokoe kwanza

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake, na shusha vioo. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Tafuta mahali pa wazi, geuza pua ya gari kuelekea upepo, iache injini iendelee kuunguruma taratibu dakika chache ili maji yazunguke. Zima mara moja ikiwa mshale umefika kwenye nyekundu, mvuke unatoka, au maji yamemwagika chini, kwa sababu hapo hakuna tena kinachozunguka.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kubonyezwa kwa mkono bila kukuunguza. Wala usimwagie injini maji baridi kwa nje, na usijaze maji baridi kwa pupa ndani ya injini yenye moto: silinda hedi (kichwa cha injini, au hedi tu) iliyokuwa nzima inaweza kupasuka kwa dakika hiyohiyo, ukawa umejinunulia kosa la pili.

Vigezo vya kulinganisha

Makosa ya kuchemsha ni mengi, lakini yote yanaingia katika makundi manne. Maji yamepungua kwa sababu yanavuja. Maji yapo lakini hayazunguki: pampu, mkanda, thamostati, au rejeta iliyoziba ndani. Maji yanazunguka lakini hayapoi, kwa sababu upepo haupiti. Au moto wa silinda wenyewe unaingia kwenye maji kupitia gasketi ya hedi (kizibio kilicho kati ya hedi na bloku ya injini) iliyoungua au hedi yenye ufa.

Kila kipimo nitakiuliza maswali yaleyale: kinahitaji nini, kinaonyesha nini, kinaficha nini, na kinamfaa nani. Swali la tatu ndilo ninalolijali kuliko yote. Kipimo kinachokuambia "hapa safi" ndicho kinachokupa moyo wa kuwasha gari na kuondoka, na kama hakikuwa na uwezo wa kuliona kosa lako, umeondoka ukiwa na imani ya bure.

Njia ya kwanza: macho, mikono na maswali

*Inahitaji nini.* Saa moja, tochi, kitambaa, injini iliyopoa usiku kucha, na mtu asiyeona haya kuuliza.

*Inaonyesha nini.* Anza na mahali linapochemsha. Likichemsha kwenye tope, mchanga, foleni au mlima wa taratibu, lakini likapoa barabara kuu, shuku upepo: feni, klachi yake, kava lake, au uchafu mbele ya rejeta. Likichemsha kwa kasi au kwenye mlima mrefu kama Kitonga ukiwa umekanyaga mafuta, lakini likatulia mjini, shuku mzunguko: rejeta iliyoziba kwa ndani, pampu, mpira wa chini unaobonyea. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku thamostati iliyogoma kufunguka, maji kidogo, au gesi inayoingia kwenye maji. Swali hili halina gharama na linapunguza orodha ya washukiwa kwa zaidi ya nusu.

Kisha angalia mbele. Gari la porini lina adui ambaye gari la mjini halimjui: mbegu za nyasi. Baada ya masika, nyasi za Serengeti zikiwa ndefu, mbegu hupita kwenye grili na kujipanga kati ya rejeta ya kiyoyozi na rejeta ya maji. Ukisimama mbele ya gari huzioni, kwa sababu rejeta ya kiyoyozi imezifunika. Legeza bolti za juu, chungulia katikati kwa tochi. Nimewahi kutoa humo tabaka nene kama blanketi. Tope nalo hukauka katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, kama saruji. Lioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, maana presha kubwa hulaza mapezi na kuharibu ulichotaka kukiokoa.

Feni izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Yenye klachi nzima hukupa ukinzani, kama kukoroga uji mzito. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe, klachi imechoka. Ikiwa na michirizi ya mafuta kuzunguka kitovu chake, jibu umelipata. Angalia pia kava la feni: likiwa limevunjika au liliondolewa na fundi aliyeona linamsumbua, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Fungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa. Maji ya kahawia yana kutu. Utando wa mafuta juu ya maji, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, ni habari mbaya. Mpira wa mfuniko ukiwa umekatika au umekakamaa, badilisha kabla ya kuendelea. Halafu washa injini mfuniko ukiwa wazi: mapovu machache mwanzoni ni hewa inayotoka, lakini mapovu yasiyokoma, au maji yanayoruka juu kila ukigusa mafuta, ni gesi. Dalili nyingine ya gesi ni mpira wa juu kuwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili tangu kuwasha asubuhi, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu.

Thamostati nayo haihitaji gereji. Itoe, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, washa jiko. Namba iliyogongwa juu yake, 76 au 82 kwa dizeli nyingi za Toyota, ni joto inaloanza kufunguka. Maji yakikaribia kuchemka inapaswa kuwa wazi kwa upana wa karibu sentimita moja.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Desturi ya kung'oa thamostati na kuacha tundu wazi imeua injini nyingi. Thamostati nyingi za Toyota zina vali mbili: moja hufungua njia ya rejeta, ya pili hufunga njia ya mkato ambayo hurudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haiendi kabisa kwenye rejeta. Fundi anadhani ameongeza ubaridi, kumbe amepunguza.

*Inaficha nini.* Ufa wa hedi unaofunguka injini ikiwa na moto tu, na rejeta iliyoziba ndani ingawa nje inang'aa. Pia inategemea mshale wa dashibodi, na mshale huo haustahili imani unayoupa. Katika Toyota nyingi umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi nyingi za joto ili dereva asipate wasiwasi bure. Unapoanza kupanda, injini tayari imepita mbali.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, na zaidi yule aliye mbali na gereji. Mwenye gari jipya kwake, ambaye hajui tabia zake, atapata shida kidogo, kwa sababu njia hii inakula kumbukumbu: lilikuwaje mwezi jana, liliongezwa maji lini.

Njia ya pili: kipima joto cha kuelekeza

*Inahitaji nini.* Kifaa chenyewe, ambacho kwa kawaida hakifiki bei ya tairi moja ya gari hizi, na robo saa. Ni ndugu wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa UVIKO, lakini usichukue kile cha hospitali. Kimetengenezwa kwa joto la mwili, na injini iko mbali juu ya hapo. Nunua cha viwandani kinachofika walau nyuzi 200.

*Inaonyesha nini.* Kwanza, kama kweli kuna kuchemsha. Sensa mbovu au waya unaogusa bodi huweza kupandisha mshale wakati injini iko salama, na watu wameshusha hedi kwa kosa la waya. Pili, thamostati: ukiona nyumba yake imefika nyuzi 95 huku mpira wa upande wa rejeta bado una ubaridi, haijafunguka. Tatu, na hapa ndipo kifaa hiki kinapolipa bei yake, rejeta. Baada ya kupanda mlima simama, zima, na upime uso wa rejeta mstari kwa mstari. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea. Ukikuta kiraka baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba.

Linganisha pia mpira wa juu na wa chini injini ikiwa kazini. Tofauti ikiwa ndogo mno na injini inachemsha, maji yanapita lakini hayapozwi: rudi kwenye upepo. Tofauti ikiwa kubwa sana, maji yanapita polepole, yanapoa mno njiani huku injini ikikosa maji ya kutosha: shuku kuziba au pampu. Tofauti ya kawaida ni nyuzi kumi hivi, kutegemea mzigo.

*Inaficha nini.* Kifaa hiki hudanganywa na mng'ao. Alumini inayong'aa husomeka baridi kuliko ilivyo, wakati mwingine kwa makumi ya nyuzi. Bandika kipande cha utepe mweusi au paka rangi nyeusi isiyong'aa, upime hapo. Pima kwa karibu, kwani ukirudi nyuma unachanganya joto la mpira na la vyuma vya jirani. Kuhusu gesi kwenye maji, hakina la kusema.

*Inamfaa nani.* Dereva wa safari na mwenye gari moja anayelipenda. Chukua vipimo gari likiwa zima, uandike kwenye daftari: nyumba ya thamostati, mpira wa juu, mpira wa chini, baada ya mlima uleule. Siku likiugua utakuwa na cha kulinganisha.

Njia ya tatu: pampu ya presha

*Inahitaji nini.* Pampu ya mkono yenye geji na vifuniko vya kuingia kwenye rejeta ya gari lako, injini baridi iliyojaa maji, na dakika ishirini. Gereji nyingi za miji yenye magari ya utalii wanayo.

Ili kuelewa kipimo hiki lazima kwanza tuuheshimu mfuniko wa rejeta. Namba iliyo juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, ni presha ambayo mfuniko huishikilia, kwa kipimo cha bar; 0.9 ni sawa na pauni 13 hivi kwa lugha ya wajaza upepo. Pwani, maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100. Ukingoni mwa Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya bahari, huchemka kwa takriban 92. Mfuniko mzima wa 0.9 huinua kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko uliokufa unakuacha na 92 ileile, na injini yenye afya hufanya kazi kwa 85 hadi 90. Ndiyo maana gari ambalo halijawahi kuchemsha Dar es Salaam linamwaga maji likifika Karatu, na mwenyewe anaapa kwamba lilikuwa zima. Lilikuwa limepona kwa sababu ya bahari.

*Inaonyesha nini.* Pampu mpaka namba ya mfuniko, usizidishe, kisha subiri robo saa. Geji isiposhuka, hakuna uvujaji kwa wakati huo. Ikishuka na unaona tone, umelipata. Ikishuka na nje ni kukavu, angalia zulia la miguuni kwa abiria: likiwa na unyevu wenye harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita. Kama hapo pia kukavu, maji yanaingia ndani ya injini. Kwa dizeli, toa hita plagi (plagi za kupasha moto silinda wakati wa kuwasha) na uzungushe injini kwa stata. Silinda yenye maji itayarusha juu. Fanya hivyo kabla ya kuwasha, maana maji hayabanwi kama hewa, na piston ikikutana nayo, fimbo yake hupinda. Pampu nyingi huja pia na kiungo cha kupimia mfuniko wenyewe.

*Inaficha nini.* Gasketi ya hedi ina ujanja. Moto wa silinda una presha kubwa mno, unaweza kujisukuma kupita kwenye mwanya mdogo kuingia kwenye maji, wakati presha ya pauni 13 haitoshi kuyasukuma maji kurudi upande ule. Kwa hiyo gari linaweza kufaulu kipimo hiki na bado gasketi imekufa. Pia kuna mwanya unaojiziba injini ikiwa baridi. Na hakisemi lolote kuhusu upepo wala mzunguko.

*Inamfaa nani.* Anayeongeza maji kila baada ya siku chache na haoni yanakokwenda. Pia gari lolote linalotoka pwani kwenda nyanda za juu, kwa ajili ya mfuniko. Kwa gari lenye rejeta ya zamani yenye vichwa vya plastiki, pampu kwa upole.

Njia ya nne: dawa ya bluu

*Inahitaji nini.* Kichupa chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, na injini inayounguruma. Hewa iliyo juu ya maji huvutwa kupitia kimiminika hicho, ambacho hubadilika rangi kikikutana na kaboni dioksaidi, gesi ya moshi wa injini. Punguza maji kidogo kwanza. Yakiruka na kuingia kwenye dawa, jibu limeharibika.

*Inaonyesha nini.* Jambo moja tu: moto wa silinda unaingia kwenye maji au hauingii. Hilo moja ndilo ghali kuliko yote. Injini kama 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 iliyomo kwenye Prado na Surf nyingi tunazoletewa zikiwa zimetumika Japani, ina hedi ya alumini na inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa. 1HZ ya lita 4.2, iliyoanza mwaka 1990 na ndiyo uti wa mgongo wa magari ya safari, ina hedi ya chuma cha kusubu na inavumilia zaidi, lakini nayo hupasuka kati ya vali. Kabla hujakubali hedi ishushwe, ichongwe na kurudishwa kwa gasketi mpya, dai kipimo hiki.

*Inaficha nini.* Dizeli ikiunguruma bila mzigo hula hewa nyingi na mafuta kidogo, hivyo moshi wake una kaboni dioksaidi kidogo. Kwenye petroli dawa hugeuka njano waziwazi. Kwenye dizeli inaweza kuishia kijani kijani, na fundi asiyejua akasema "ni bluu tu hiyo". Ufa mdogo usiofunguka mpaka injini ipate moto wa mlimani utapita bila kuonekana ukipimwa kwenye kivuli cha mwembe. Lipeleke gari likapande kwanza, subiri lipoe kiasi cha kufungua mfuniko kwa usalama, upime kabla halijapoa kabisa. Rudia kwa dawa mpya.

*Inamfaa nani.* Aliyeambiwa "hedi imekufa" na anataka uhakika. Na mnunuzi wa gari lililotumika. Muuzaji anaweza kuosha injini na kubadilisha maji, lakini hawezi kuisafisha gesi inayoendelea kuingia.

Njia ya tano: kompyuta

*Inahitaji nini.* Gari lenye injini ya kielektroniki, mashine inayolisoma, na mtu anayejua kutafsiri. 1HZ yenye pampu ya dizeli ya mekanika na Defender za 300Tdi hazina cha kusomwa, na ukitozwa pesa ya kuzipima kwa kompyuta umelipia kivuli. Magari ya Japani ya miaka ya 1990 yana soketi, lakini mashine za bei rahisi mara nyingi haziyaelewi.

*Inaonyesha nini.* Joto la maji kwa namba, dakika kwa dakika, ukiwa unaendesha. Hili peke yake linatosha kuitetea: kifaa kidogo kwenye soketi na simu mkononi mwa msaidizi wako, unaona 88, 94, 101 huku mshale wa dashibodi bado umelala. Utaona kama sensa inaruka ghafla kwa namna ambayo maji hayawezi kupanda. Kodi P0217, yaani namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari huihifadhi, husema injini imepita kiwango cha joto.

*Inaficha nini.* Sababu. Kodi hukuambia kuna moto, haikuambii nani kauwasha. Mbegu za nyasi hazina kodi.

*Inamfaa nani.* Mwenye Hilux, Ranger au Land Cruiser za miaka ya karibuni, na yeyote ambaye gari lake huchemsha mara moja moja bila kujirudia gereji.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa porini peke yako, macho na mikono ndiyo yatakayokutoa. Osha mbele ya rejeta, kagua mkanda na mipira, tembea jioni au alfajiri, na ukipanda shuka gia mapema ili pampu na feni zizunguke haraka.

Kama linachemsha likitambaa tu, usinunue rejeta wala usiruhusu mtu aguse hedi. Feni, klachi, kava na mbegu kwanza. Kipima joto cha kuelekeza kithibitishe. Likichemsha kwa kasi na milimani tu, anza na kipima joto kwenye uso wa rejeta, kisha dawa ya bluu, kwa sababu rejeta iliyoziba na gasketi inayoanza kufa zinafanana sana hapo.

Maji yakipungua bila kuonekana, pampu ya presha itangulie. Ikifaulu na maji bado yanapungua, dawa ya bluu ifuate bila kuchelewa.

Mwenye magari kadhaa ya utalii anunue vifaa vyote vitatu vya mkono, kipima joto, pampu na dawa, na amfundishe fundi mmoja kuvitumia. Gharama yake ni ndogo kuliko hedi moja. Aongeze maji ya betri (yale yaliyosafishwa, siyo asidi) na kulanti, kimiminika cha kupozea injini, kwenye stoo, kwani maji ya visima vyetu vingi yana chumvi nyingi, na magamba yake ndiyo yanayoziba mirija ya rejeta.

Ukinunua gari, fika kabla halijawashwa. Shika mpira wa juu: ukiwa na uvuguvugu, mwenyewe ameliwasha kabla hujafika, na rudi siku nyingine. Likiwa baridi kweli, fungua mfuniko, washa, tazama mapovu, bonyeza mpira baada ya dakika moja. Kisha omba mlima.

Na kama tayari umeambiwa hedi ishushwe, mwombe fundi akuonyeshe kipimo kilichomfikisha hapo. Fundi mzuri hachukii swali hilo. Atakuita uje uone rangi ya dawa kwa macho yako. Akikosa cha kukuonyesha, lipia kipimo mahali pengine kabla spana ya kwanza haijagusa bolti.